Meli mbili, punda mmoja: kisa cha picha iliyotuangusha Lamu

Saa tano kasorobo usiku shangazi yangu alisimama, akakung'uta buibui lake, akauliza mbele ya kadamnasi: "Mwanangu, hawa wawili wataonana lini?"

Picha ilikuwa imeshakwenda zaidi ya saa moja na nusu. Hao wawili, Amitabh Bachchan na Aamir Khan, walikuwa wameshaonana zamani. Walikuwa wameshapanda chombo kimoja, wameshapigana upande mmoja, na wimbo wameshaucheza pamoja. Lakini nilielewa alichouliza, na waliokuwa mikekani nao walielewa. Ndiyo maana hakuna aliyecheka.

Picha yenyewe ni Thugs of Hindostan, ya kampuni ya Yash Raj, iliyotoka India tarehe 8 Novemba 2018, siku moja baada ya Diwali. Mengi yamesemwa juu ya kuanguka kwake. Mimi nataka kukichambua kisa cha usiku ule mmoja tu, kwa sababu swali la shangazi lilinifundisha jambo ambalo sikulipata kwa wachambuzi, na kwa sababu katika kisa hiki mimi nina sehemu ya lawama.

Mahali na watu

Kazi yangu ni kutengeneza simu, karibu na Usita wa Mui. Nina projekta niliyoinunua kwa ajili ya harusi, na msimu wa kaskazi, mvua ikiwa mbali, huwa tunatandika shuka nyeupe kwenye ukuta wa kiwanda cha nyumba ya marehemu babu. Kiwanda, kwa msomaji asiye wa Lamu, hakina mashine: ni ule uwanja wa ndani wa nyumba ya mawe, ulio wazi kwa juu, na ndani yake sauti hukaa vizuri. Wanawake huketi upande wa daka la ndani, wanaume upande wa kisima. Kila mtu hutoa shilingi 50 za petroli ya jenereta, maana umeme hapa haumwahidi mtu kitu.

Usiku ule, mwanzoni mwa 2019, walikuja watu 31. Kwa kawaida nikipata 15 nashukuru. Walikuja wengi kwa sababu nilikuwa nimepiga mbiu wiki nzima, na mbiu yangu ilikuwa na sentensi moja: Amitabh na Aamir, pamoja, kwa mara ya kwanza.

Sentensi ile si ndogo kwa mtu wa pwani. Kuna kina mama hapa waliojifunza Kihindi kwa masikio tu, kwa picha za Amitabh Bachchan za miaka ya 1970. Shangazi ni mmoja wao. Hajafika India, hasomi herufi zao, lakini maneno yaliyoandikwa chini ya picha hayatazami. Aamir Khan ni wa vijana wa jana, wa Lagaan ya 2001, wa 3 Idiots ya 2009, na wa Dangal ya 2016. Tena Aamir ana sifa ya kutotoa picha ovyo. Hukaa mwaka au miwili, kisha huja na kitu. Wawili hawa hawakuwahi kuigiza pamoja. Katika Lagaan sauti ya Amitabh ndiyo inayosimulia, lakini sura yake haimo. Kwa hiyo watu walikuwa wanadai mkutano huu tangu kabla baadhi ya watazamaji wangu hawajazaliwa.

Ahadi ilivyojengwa

Trela ilitoka mwisho wa Septemba 2018. Niliitazama mara saba. Kuna meli kubwa mbili, na hizo ni meli za kweli, zilizojengwa Malta kwa ajili ya picha hii. Kuna Amitabh, aliyekuwa anakaribia miaka 76 wakati huo, amevaa deraya, na kipanga angani. Kuna mizinga. Na kuna Aamir juu ya punda.

Hilo la punda liliuza tiketi nyingi kuliko meli. Nilipiga chapa ile picha yake, kofia ndefu na koti la kijani, nikaibandika mlangoni pa duka. Kila aliyepita na punda wake amebeba mchanga au matofali alisimama kucheka. Wazee walitaka kujua kama anajua kumpanda.

Kilichomo katika trela hakikuwa uongo. Kila kitu kilichoonyeshwa kimo ndani ya picha. Mkosi ni kwamba kilichomo katika picha karibu chote kimo katika trela, na tulichodhani ni kionjo kumbe ndicho chakula chenyewe, kimetiwa maji kikatosha saa mbili na dakika 44.

Sasa niseme la kwangu. Nilijua. Picha ilifunguliwa kwa kishindo, zaidi ya rupia milioni 500 siku ya kwanza India, rekodi kwa picha ya Kihindi wakati ule. Siku ya pili mapato yakashuka karibu nusu, na baada ya wiki ya kwanza haikuwa na watu. Kabla Novemba haijaisha Aamir alisimama hadharani Mumbai, akasema lawama zote anazibeba yeye, akawataka radhi waliokwenda kwa matumaini wakarudi hawakufurahi. Habari hizo nilizisoma kwenye simu, nikiwa dukani. Nikajiambia: Wahindi wameshiba picha, kila Ijumaa wana mpya, ndiyo maana wanachagua, sisi huku punda na meli vitatutosha. Nikaendelea na mbiu. Wala sikuitazama kwanza, jambo ambalo kwa picha nyingine zote nilizowahi kuonyesha nililifanya. Nafikiri sikutaka kujua zaidi ya nilivyojua.

Usiku wenyewe

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mwaka ni 1795. Himaya ndogo iitwayo Raunakpur imebanwa na Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India. Mkuu wa Waingereza, Clive, anamwangamiza mtawala na jamaa zake kwa hila, na binti mmoja, Zafira, anaokolewa na Khudabaksh, ambaye ni Amitabh. Kiwanda kilikuwa kimya. Miaka 11 inapita. Khudabaksh sasa anaitwa Azaad, yaani huru, ana meli na watu wake, na anawasumbua Waingereza baharini. Clive anatafuta mtu wa kujipenyeza. Ndipo anapokuja Firangi Mallah juu ya punda, na kiwanda kizima kikapiga makofi.

Makofi ya pili yalikuja kwenye ule wimbo wanaocheza wote wawili. Kina mama walisimama. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama simu aliiweka. Kama ningekuwa na akili ningezima jenereta hapo, niseme petroli imekwisha.

Baadaye watu walianza kujinyoosha. Wa kwanza kuondoka walikuwa vijana wanne, waliosema wanakwenda kununua viazi karai na hawakurudi. Mtoto alilala, mama yake akaona heri. Sambusa ziliisha mapema, na nimegundua kwamba sambusa huisha mapema picha ikiwa mbaya. Katikati ya hadithi Azaad anapotea, tunaachwa tuamini amekufa, na Zafira analia. Hakuna aliyelia naye. Mtu alisema kwa sauti, bila hasira, "Stelingi hafi, subirini." Baadaye Azaad akaonekana mzima, na yule aliyesema hata hakujisifu.

Taa zilipowaka nilihesabu watu 12, na wawili katika hao walikuwa wamelala.

Malalamiko

Nilikaa barazani hadi usiku mwingi nikiwasikiliza waliobaki. Palikuwa na malalamiko ya namna tatu, na kwa kuwa yalifanana na yaliyosemwa kwingine duniani, nitayapima.

La kwanza lilikuwa la ami mmoja, nahodha mstaafu, aliyepeleka majahazi Mombasa na Kismayu kabla magoti hayajamgomea. Yeye hakuja kwa ajili ya Amitabh. Alikuja kwa sababu nilimwambia meli zimejengwa kweli. Alikaa mbele kabisa, fimbo mapajani, na kwa nusu saa hakusema neno. Kisha akaanza. "Kamba ya chombo si pembea, mwanangu. Hawa kila mmoja akishika kamba anarukia. Nani anayevuta demani, ile kamba ya tanga? Nani yuko kwenye usukani? Chombo chaenda na nini?" Alisema hakuona mtu hata mmoja akitazama upepo. Akasema chombo kikiwa hakina shehena hutiwa farumi, mchanga au mawe, kisije kikapinduka kwa wepesi. Meli hizi zilivyokuwa zinazungushwa, yeye kwa macho yake haziwezi kuwa na kitu tumboni.

Ami ana haki yake, na mtu wa Lamu hawezi kumbishia nahodha habari za tanga. Lakini sidhani hilo ndilo lililoiua picha. Ami huyu huyu ni shabiki wa Amar Akbar Anthony ya 1977, na ndani yake ndugu watatu wasiojuana wamelazwa vitanda vitatu, damu inatoka kwao wote kwa pamoja, inapanda kwenye chupa moja, inashuka kwa mama yao. Daktari yeyote angeanguka. Ami hulia machozi hapo kila mwaka. Uongo wa picha haujawahi kumsumbua pale ambapo moyo wake umeshakamatwa. Alianza kutazama kamba kwa sababu hakuwa na cha kutazama kingine. Nahodha aliyechoka na abiria wake hukagua chombo.

La pili ni la vijana: wameiga. Kofia, mwendo wa kilevi, ujanja wa maneno, yote wameyaona katika Pirates of the Caribbean, na huko yalikuwa bora. Hili lilisemwa India pia, tangu trela. Ni kweli kufanana kupo, kipofu angekuona. Ila sisi watu wa mwambao tukianza kuhukumu kwa kuiga, tutaanza na nani? Juma Bhalo, Mungu amrehemu, mzaliwa wa Malindi, alichukua mahadhi ya nyimbo za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili, na hadi leo harusi hazijamsahau. Sholay ya 1975 ilikopa kwa Wajapani na kwa picha za Marekani za wapanda farasi, na nani aliyewahi kudai arudishiwe pesa kwa Sholay? Aliyekopa akaja na chake juu yake, watu wanasahau alikokopa. Vijana walikumbuka kofia ya wenyewe kwa sababu chini ya kofia hawakumkuta mtu mpya.

Tena palikuwa na mpya pa kuchimba. Neno la Kiingereza "thug" limetoka kwao, kwa neno la Kihindi "thag", ambalo kwetu ni laghai, au ayari kwa Kiswahili cha wazee. Wale thag wa historia walikuwa wa barabarani: waliandamana na wasafiri siku kadhaa, wakala nao, wakazoeana nao, kisha wakawanyonga. Ofisa mmoja wa Kiingereza, William Sleeman, alipata jina katika miaka ya 1830 kwa kuwasaka. Hebu fikiri hadithi hiyo: mtu anayelazimika kumpenda kidogo yule atakayemsaliti. Picha ilichukua jina, ikaiacha hadithi njiani, ikaenda baharini.

La tatu lilikuwa la mabinti, na lilikuwa fupi. Katrina Kaif yuko kwenye kila bango, amesimama sambamba na wengine watatu. Ndani ana nyimbo mbili na vijisehemu. "Umetuita arusi, biarusi hayuko," mmoja aliniambia. Hili ni dai halali, na ni ahadi iliyovunjwa waziwazi, lakini hata Katrina angejaa picha nzima shangazi angesimama vilevile.

Alichouliza shangazi

Asubuhi nilimpelekea mahamri, tukazungumza. Nilimwambia, "Shangazi, walionana. Si ulicheza ule wimbo?" Akasema, "Walikutana. Sikukuuliza kukutana."

Kisha akanipeleka kwenye Deewaar, ya 1975. Amitabh ni jambazi, Shashi Kapoor ni mdogo wake, polisi. Wanakutana usiku chini ya daraja. Hakuna bunduki, hakuna mzinga, hakuna farasi. Mkubwa anataja alivyonavyo, nyumba, gari, fedha, anamuuliza mdogo, wewe una nini. Mdogo anajibu kwamba yeye ana mama. Shangazi alisimulia huku mkono wake ukitetemeka kidogo, na picha hiyo nina hakika hajaiona karibuni. "Pale," akasema, "waonana."

Hapo ndipo nilipoona ugonjwa ulipo. Ili watu wawili waonane kwa maana ya shangazi, kila mmoja lazima awe na kitu mkononi ambacho mwenzake anaweza kumnyang'anya. Kaka ana heshima yake ya kukosewa akiwa mdogo, mdogo ana mama. Firangi hana kitu. Tangu dakika ya kwanza anajinadi kwamba usaliti ndiyo tabia yake. Anawauza Wahindi kwa Waingereza, anawachezea Waingereza, anageuka, anageuka tena. Mara ya kwanza tulishtuka. Mara ya pili tulitabasamu. Baada ya hapo akisaliti au akitubu ni mamoja, kwa sababu hakuna alichokiweka rehani. Azaad naye amefanywa mwema mno, mtu wa kuamini tu, amesimama kama minara yetu, anapendeza kumtazama lakini hasogei. Ukimweka msaliti asiyepoteza kitu mbele ya mwema asiyetetereka, unaweza kuwajengea meli kumi. Hawataonana.

Na kuna ushahidi ndani ya picha yenyewe, ndiyo maana naurudia ule wimbo. Dakika zile chache wanacheza, Amitabh ameacha kuwa mnara, Aamir ameacha kuwa mjanja. Ni mzee na kijana wake wamefurahi. Palikuwa na kitu cha kupoteza hapo. Laiti usaliti ungetoka moja kwa moja katika furaha ile na ukamuuma msaliti mwenyewe, kina mama wangelia, ami angesahau kamba. Mwongozaji, Vijay Krishna Acharya, si mgeni wa kazi. Dhoom 3 ya 2013 ni yake, na Aamir huyu huyu, na ilijaza kumbi. Lakini hapa inaonekana kila alipokaribia kuwasimamisha watu wawili wazungumze, mzinga ulilia.

Nadhani wenye picha nao waliamini kama nilivyoamini mimi, kwamba sentensi ile moja, kwa mara ya kwanza pamoja, ilikuwa imeshamaliza kazi. Majina mawili yakiwa pamoja kwenye bango, nani atauliza wanafanya nini wakiwa pamoja? Kampuni ikaiamini sentensi, trela ikaipokea, mimi nikaipokea kwa trela, watu 31 wakaipokea kwangu na shilingi 50 zao. Mzigo ulipita mikono yote hiyo umefungwa. Aliyeufungua ni shangazi, tena mbele za watu.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa namna hiyo. Eid ya 2018 Salman Khan alikuja na Race 3, Desemba Shah Rukh akaja na Zero, na wote wawili waliwaangusha wapenzi wao. Akina Khan watatu, mwaka mmoja. Wakati huohuo Oktoba zilitoka picha mbili za bei nafuu, Badhaai Ho na Andhadhun, zote na Ayushmann Khurrana, ambaye hapa kwetu wakati ule hakuna aliyemjua. Badhaai Ho ni ya mama mtu mzima anayepata mimba na watoto wake wakubwa wanaona haya. Hakuna meli. Ilikuwa bado inaonyeshwa India wakati ile ya meli mbili inashushwa.

Wiki mbili baada ya kisa hiki nilitandika shuka tena. Sikubandika kitu mlangoni, na sikuchukua pesa. Petroli ilitoka mfukoni mwangu. Walikuja watu 11. Ami hakuja, alituma salamu kwamba magoti yanamuuma, nami nikazipokea kama zilivyo. Shangazi alikuja, akaketi mahali pake dakani, akatandaza mkeka kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka.

"Yeo watuonyesha nini?"

"Andhadhun."

"Stelingi nani?"

"Kipofu mmoja, apiga piano."

Alinitazama kwa muda. Nilikuwa nimeshaitazama mara mbili, peke yangu, mlango umefungwa.

"Kipofu kweli?" akauliza.

Nikawasha projekta.